Mwalimu wa Pacific Grove: Kituo cha Bahari cha Hopkins na Miaka ya Profesa van Niel

Kituo cha Bahari cha Hopkins kimekaa kwenye ncha ya mwamba inayoingia katika Ghuba ya Monterey, kwenye mji mdogo wa Pacific Grove, California. Ni mali ya Chuo Kikuu cha Stanford. Kilifunguliwa mwaka 1892, mwaka mmoja tu baada ya chuo chenyewe kupokea wanafunzi wake wa kwanza, na ndicho kituo cha kwanza cha utafiti wa bahari katika pwani ya magharibi ya Marekani. Wengi hukisifu kwa samaki wake, konokono wa mwambani, misitu ya mwani na sili wanaoota jua ufukweni pake. Makala haya yanakikumbuka kwa jambo lisiloonekana kwa macho. Kwa zaidi ya miaka thelathini, maabara moja ya kituo hicho ilikuwa mahali ambapo wanasayansi vijana, na hata waliokwisha kuwa maprofesa, walikwenda kufundishwa upya namna ya kuwatazama viumbe wadogo kuliko wote. Mwalimu wao alikuwa mmoja, Cornelis Bernardus van Niel.

Ardhi na majengo

Kituo kilianzishwa wakati David Starr Jordan akiwa rais wa kwanza wa Stanford, kwa juhudi za maprofesa wake wawili, Charles Gilbert na Oliver Jenkins. Walikuwa na mfano mbele yao: kituo cha Naples, Italia, ambako mtafiti alipewa meza, maji ya bahari na viumbe hai, akaachwa afanye kazi yake. Fedha zilitoka kwa Timothy Hopkins, mdhamini wa chuo, na jina lake ndilo lililobaki. Majengo ya kwanza yalikuwa ya mbao, mahali paitwapo Lovers Point. Mwaka 1917 kituo kikahamia kwenye ncha ya mwamba kilipo leo.

Ncha hiyo iliwahi kuwa jirani na makazi ya watu. Tangu miaka ya 1850 wavuvi wa Kichina na familia zao walijenga kijiji katika ufukwe huo, wakavua na kukausha samaki. Mei 1906 kijiji kiliteketea kwa moto, na wenyewe hawakuruhusiwa kujenga tena. Kwa miaka mingi watu waliendelea kuiita sehemu hiyo China Point. Ni haki kuwataja wavuvi hao kila historia ya kituo inaposimuliwa, kwa kuwa bahari hiyo walikuwa wakiijua kabla ya hadubini yoyote kufika.

Mwaka 1928 kituo kiliongeza jengo la pili, Maabara ya Jacques Loeb, kwa heshima ya mwanafiziolojia aliyefariki miaka minne kabla. Profesa Lourens Baas Becking, Mholanzi aliyekuwa akifundisha Stanford, alitaka jengo hilo lipate mtaalamu wa vijidudu. Alimfahamu kijana mmoja huko Delft. Mwisho wa mwaka huo kijana huyo alivuka bahari na mkewe, akafika Pacific Grove, na hakurudi tena kuishi Uholanzi.

Alichokuja nacho kutoka Delft

Van Niel alizaliwa Haarlem tarehe 4 Novemba 1897. Alisoma kemia katika chuo cha ufundi cha Delft, na mji huo una nasaba yake katika elimu ya vijidudu. Hapo ndipo Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa, alipowaona bakteria kupitia lenzi alizozisugua mwenyewe, akaandika barua kwa Royal Society ya London mwaka 1676. Hapo ndipo Martinus Beijerinck alipofundisha tangu 1895, na Albert Kluyver akakirithi kiti chake mwaka 1921.

Beijerinck aliwaachia warithi wake mbinu rahisi. Ukitaka kumpata bakteria anayefanya kazi fulani, usimtafute mmoja mmoja kwenye udongo. Tengeneza mazingira ambamo yeye peke yake anaweza kushamiri, tia chembe ya udongo, kisha subiri. Wengine watadhoofika, yeye atajaa. Kluyver naye aliacha wazo. Mwaka 1926 alitetea, pamoja na mwenzake Donker, kwamba chini ya tofauti zote za maisha kuna kemia moja. Kinachofanyika katika bakteria wa tope na kinachofanyika katika msuli wa tembo ni ndugu. Van Niel alikuwa msaidizi wa Kluyver, na mwaka 1928 alipata shahada ya uzamivu kwa kuchunguza bakteria wa asidi propioni, wale ambao gesi yao hutoboa matundu katika jibini la Uswisi. Katika miaka hiyohiyo ya Delft alishiriki kugundua kwamba harufu tamu ya siagi hutokana na kemikali iitwayo diasetili, zao la bakteria.

Basi alipofika California alikuwa na mbinu ya mmoja, wazo la mwingine, na swali lake mwenyewe ambalo alikuwa amekwisha kulianza Delft. Swali hilo lilihusu tope.

Chupa ya zambarau

Mtu aliyelelewa katika pwani yetu, Lamu, Pangani au Kilwa, anaijua harufu ya tope la mikoko maji yakipwa. Ni harufu ya yai viza. Ni gesi ya haidrojeni salfaidi, na hutengenezwa na bakteria waishio ndani ya tope lisilo na hewa. Pwani ya California ina tope la namna hiyo, na pale gesi hiyo inapokutana na mwanga huishi bakteria wa rangi ya zambarau na wengine wa kijani.

Bakteria hao walikuwa wamewagawanya wataalamu tangu miaka ya 1880. Theodor Engelmann aliona kwamba wanaufuata mwanga kama mimea, akasema wanafanya usanisinuru. Sergei Winogradsky aliona kwamba wanatumia salfaidi na kujaza punje za salfa mwilini, akawaweka pamoja na bakteria wanaoishi kwa nguvu ya kemikali. Mwaka 1907 Hans Molisch aliongeza ugumu: wanahitaji mwanga, lakini hawatoi oksijeni hata kidogo. Mmea usiotoa oksijeni ni mmea wa namna gani?

Van Niel aliingia katika ugomvi huo kwa chupa ya kioo. Unaijaza maji yenye chumvi chache, magadi kidogo na salfaidi. Unatia tope la kijiko. Unaijaza mpaka mdomoni, unaifunga kwa kizibo cha kioo ili hewa isipate nafasi, kisha unaiweka karibu na taa. Siku za kwanza huoni kitu. Halafu upande unaotazama mwanga unaanza kuwa na wekundu hafifu, kama maji yaliyosuuziwa biringanya, na siku baada ya siku wekundu unakolea mpaka chupa nzima inakuwa ya zambarau.

Chukua tone moja, uliweke chini ya hadubini. Wanaogelea kwa pamoja, wanene, na ndani ya kila mmoja punje za salfa zinang'aa kama mchanga kwenye jua. Kinga mwanga ghafla kwa kiganja: wote wanashtuka na kurudi nyuma kwa mara moja. Uangaze doa dogo tu la tone, na baada ya muda watakuwa wamejikusanya ndani ya doa hilo, kwa sababu kila anayetaka kutoka hushtuliwa na giza la ukingoni. Salfaidi ya chupa ikiisha, wanaanza kutumia akiba, na punje zinapungua hadi kutoweka.

Van Niel hakuishia kutazama. Alipima. Alihesabu salfaidi iliyotumika na hewa ukaa iliyogeuzwa kuwa mwili wa bakteria, akakuta uwiano usiobadilika ovyo. Katika bakteria wa kijani mambo yalikuwa wazi zaidi: kwa kila hewa ukaa moja, salfaidi mbili hutumika, na kinachobaki ni sukari, maji na salfa. Salfa hiyo hutoka kwenye salfaidi; haina pengine pa kutoka.

Hapo akaufanya mlinganisho uliolipa jina lake nafasi katika vitabu. Aliandika kanuni ya bakteria na kanuni ya mmea, moja chini ya nyingine. Bakteria huchukua haidrojeni kutoka kwenye salfaidi na kuacha salfa. Mmea huchukua haidrojeni kutoka kwenye maji. Basi unachoacha ni oksijeni, na oksijeni hiyo ni ya maji. Wakati ule wataalamu wengi waliamini kwamba mwanga hupasua hewa ukaa, na oksijeni tunayovuta hutoka humo. Makala yake makuu juu ya bakteria hao yalitoka mwaka 1931. Miaka kumi baadaye, mwaka 1941, Samuel Ruben na Martin Kamen, pamoja na wenzao wa Berkeley, walitumia maji yenye oksijeni nzito na kuonyesha kwamba oksijeni itokayo kwenye usanisinuru ni ya maji. Leo mwanafunzi wa sekondari Tanga au Mombasa hujifunza hilo darasani. Chanzo chake ni chupa za tope.

Kozi ya kiangazi

Lau van Niel angeishia kwenye ugunduzi huo, kituo kingemkumbuka kwa jina lililochongwa kwenye kibao. Kilichomfanya awe taasisi ndani ya taasisi ni ualimu. Tangu miaka ya 1930 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, kila kiangazi, alifundisha kozi ya mikrobiolojia katika Maabara ya Loeb. Meza zilikuwa chache, wanafunzi wachache. Walikutana siku tatu kwa wiki, kuanzia asubuhi, na mara nyingi taa za maabara zilikuwa bado zinawaka usiku. Waliokosa nafasi ya meza walikuja kukaa na kusikiliza.

Hakuwapa wanafunzi majibu. Alisimulia kisa cha swali tangu lilipoulizwa mara ya kwanza: nani alidhani nini, kwa ushahidi gani, na alikosea wapi. Kisha alisimama na kuuliza: wewe ungefanya jaribio gani? Mwanafunzi alijibu, mwalimu akalionyesha jibu lilipovuja, mwingine akajaribu. Alikuwa msemaji mwenye kuvutia, na waliomsikia walisimulia kwamba Pasteur na Beijerinck walikuwa wakiingia chumbani wakiwa hai. Baada ya maneno, mikono. Kila mmoja alianza na tope, udongo au maji ya bahari, akamtafuta bakteria wake kwa mbinu ya Delft, akamwotesha, akamsafisha, akajua anakula nini na anaacha nini.

Walioketi kwenye meza hizo ni wengi, na baadhi yao wanajulikana dunia nzima. Horace Barker alifanya kazi na van Niel tangu 1933 hadi 1935, akaenda Delft kwa Kluyver, kisha akawa nguzo ya biokemia huko Berkeley. Michael Doudoroff alipata shahada ya uzamivu kwa kuchunguza bakteria wa baharini wanaotoa mwanga. Roger Stanier, kijana wa Kanada, alifika kwa kozi ya kiangazi mwaka 1938, akaongozwa na van Niel hadi shahada ya uzamivu, na baadaye akafundisha Berkeley na kufanya kazi katika Institut Pasteur ya Paris. Stanier na Doudoroff, pamoja na Edward Adelberg, waliandika kitabu cha The Microbial World kilichotoka mwaka 1957, na kupitia kitabu hicho namna ya kufikiri ya Pacific Grove ilifika katika madarasa ambayo van Niel hakuyaona. Esther Lederberg, mgunduzi wa virusi vya lambda, alipita hapo akiwa mwanafunzi. Arthur Kornberg alikuja mwaka 1953, akiwa tayari mtaalamu wa vimeng'enya, kwa sababu alikuwa karibu kuongoza idara ya mikrobiolojia huko St. Louis na alitaka kuwajua vijidudu wenyewe. Mwaka 1959 alipata Tuzo ya Nobel.

Mmoja ninamweka peke yake. Robert Hungate, mwanafunzi wa kwanza kupata uzamivu chini ya van Niel, alimaliza mwaka 1935 kwa utafiti juu ya mchwa na viumbe wa seli moja waishio tumboni mwao, wanaomsaidia mchwa kumeng'enya mti. Kutoka kwa mchwa alikwenda kwa ng'ombe. Alibuni njia ya kuotesha bakteria bila kuwaruhusu wapate hata chembe ya oksijeni, akafungua siri ya tumbo la kwanza la ng'ombe, pipa hai ambamo majani makavu yasiyofaa kwa binadamu huchachushwa kuwa chakula. Mwaka 1959 yeye na wenzake walichapisha katika jarida la Science matokeo ya utafiti juu ya uchachukaji katika matumbo ya wanyama wa Afrika Mashariki. Mfugaji wetu anayemtazama ng'ombe wake akicheua anatazama jambo ambalo Hungate alilifafanua, na Hungate alilianzia kwenye meza ya Pacific Grove.

Kukubali kukosea

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Sijui mwanasayansi aliyeuishi msemo huo kuliko van Niel, na kwangu hili ndilo kubwa kupita uvumbuzi wake wote.

Mwaka 1941 yeye na Stanier walitoa mpango wa kuwapanga bakteria kwa nasaba, nani ni mzazi wa nani. Ulikuwa mpango mzuri, na ulisomwa sana. Lakini kadiri alivyoufikiria ndivyo alivyoona kwamba ushahidi wa nasaba hiyo haukuwapo. Umbo la bakteria ni dogo mno na rahisi mno kuweza kusimulia historia yake. Mwaka 1946 alieleza mashaka yake hadharani, na katika muongo uliofuata akauacha mpango wenyewe. Mwaka 1962, yeye na Stanier walirudi pamoja na makala mapya, wakikiri kwamba hawawezi tena kuutetea mpango wa awali. Badala yake wakauliza swali lililokuwa limeachwa wazi kwa muda mrefu: bakteria ni nini hasa? Jibu lao lilikuwa kwamba seli ya bakteria imejengwa tofauti kabisa na seli ya mnyama au mmea, haina kiini kilichozungushiwa utando. Mgawanyo huo, ambao jina lake liliasisiwa na Mfaransa Edouard Chatton, ndio wanaoufahamu wanafunzi leo. Mwaka 1977 Carl Woese alipoonyesha, kwa kusoma molekuli, kwamba nasaba ya bakteria inaweza kusomeka na kwamba kuna ukoo wa tatu wa uhai, mengine tena yalibidi kurekebishwa. Hivyo ndivyo kazi inavyokwenda.

Hata ile kanuni ya usanisinuru hakuisujudia. Alikuwa ameipanua akidai kwamba katika kila usanisinuru, hata wa bakteria, mwanga hupasua maji. Ushahidi mpya ulipoonyesha kwamba kazi ya kwanza ya mwanga ni kuzisukuma elektroni, alichapisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwamba sehemu hiyo ya nadharia yake haisimami. Mlinganisho wa mmea na bakteria ulibaki, na upanuzi wake ukaachwa.

Na alikuwa mtu wa kupunguza, asiyependa kuongeza majina. Mwaka 1944 alitoa utafiti mkubwa juu ya bakteria wa zambarau wasiotumia salfa. Alikuwa ameotesha nasaba zaidi ya 150, kila moja ingeweza kuitwa spishi mpya na kumpa sifa. Alizilinganisha kwa subira, akazipanga katika spishi sita tu za jenasi mbili. Mwaka 1963 Marekani ilimtunukia Nishani ya Taifa ya Sayansi, na mwaka 1970 Uholanzi ikampa Nishani ya Leeuwenhoek, jina la mtu wa Delft likarudi kwa mtoto wa Delft. Mwaka 1967 aliandika tafakuri yake juu ya kumlea mwanamikrobiolojia, mada aliyoijua kuliko wengi. Alifariki Carmel, jirani na kituo, tarehe 10 Machi 1985.

Kilichobaki

Kituo kinaendelea. Bahari mbele yake imelindwa tangu mwaka 1931, ilipofanywa hifadhi baada ya Julia Platt, mwanazoolojia na meya wa Pacific Grove, kuipigania. Viwanda vya kusindika dagaa vilivyokuwa jirani vilifungwa dagaa walipokwisha, na tangu 1984 jengo la maonyesho ya viumbe wa bahari la Monterey limesimama pale palipokuwa na moshi na harufu yao.

Lakini urithi wa van Niel haukai kwenye jengo. Kozi yake ilihitaji chupa, tope, mwanga na subira, na hivyo vyote vipo katika kila kijiji cha pwani yetu. Mwalimu wa sekondari ambaye shule yake haina gesi wala jokofu achukue chupa tupu ya maji ya plastiki inayopitisha mwanga. Atie tope la mikoko hadi katikati, alilochanganya na vipande vya gazeti na kiini cha njano cha yai moja, ajaze maji ya bahari, afunike kidogo na kuiweka dirishani penye mwanga, mbali na jua kali. Wiki chache zikipita, tope litaanza kujigawa: weusi chini, juu yake kijani, juu zaidi mkanda wa zambarau uliotokeza bila mtu kuupanda.

Wanafunzi watauona na watauliza ni nini. Mwalimu asiwajibu. Awape karatasi, awaambie waandike wanachokiona, upande upi wa chupa una rangi zaidi, na kesho waje waseme wangefanya jaribio gani ili kujua.